Madumu Matupu na Breki Nzima: Hotuba kwa Madereva na Mafundi wa Gari za Kuundwa, Chake Chake

Bismillahi Rahmani Rahim. Mheshimiwa Sheha, mafundi wetu, madereva, matingo, na nyinyi vijana mlioegemea madirisha huko nyuma, Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Keshokutwa Jumapili, inshallah, tuna siku ya mazoezi ya uendeshaji. Usiku huu sina la kuwapamba, nina maelezo ya kazi. Mwenye gari ajue gari yake itafanyishwa nini, na asiye na gari ajue atasimama wapi na kwa nini pale.

Mambo haya wenzetu wa Uingereza wameyazoea. Kule kuna watu wanaonunua gari kwa vipande: fremu, bodi na vikorokoro vyake, kisha injini, gia na difu wanavitoa kwenye gari kuukuu na kuziunga wenyewe nyumbani. Iliyotia fora ni Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957. Iliuzwa kwa vipande kwa sababu ya hesabu tu: gari kamili ilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Kodi ile ikafutwa mwaka 1973 ikaja VAT, na mwaka huo huo haki za kuiunda zikahamia kwa kampuni ya Caterham, ambao wanaiunda hadi leo. Wenye gari za namna hii wana vilabu, na vilabu vyao hupenda kufanyia mazoezi kwenye viwanja vya ndege vya zamani. Vita vya Pili vya Dunia viliwaachia viwanja hivyo kwa mamia. Silverstone, ambayo leo dunia nzima inaijua kwa mashindano, ilifunguliwa mwaka 1943 kuwa kiwanja cha ndege za kivita, na mwaka 1948 gari zikaanza kushindana pale pale palipokuwa pakirukia ndege za mabomu.

Kinachowavutia hasa si urefu wa njia ya ndege. Kiwanja cha ndege hakina mnazi pembeni, hakina mtaro, hakina ukuta wa mtu, wala mtoto anayetoka madrasa mbio. Dereva akikosea, gari inazunguka, inasimama, anaiwasha, anarudi kwenye foleni. Kosa lile lile kwenye njia ya Chake kwenda Wete lina mtaro upande huu na bonde upande wa pili.

Sisi viwanja vya ndege vya kutupwa hatuna. Kimoja tulichonacho hapa Pemba kina ndege zake, na hatuna haja ya kumsumbua mtu. Tumeazimwa uwanja wa lami wenye urefu wa mita 280 na upana wa mita 60. Unatosha, ila unatosha kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yatakayochukua sehemu kubwa ya maneno yangu.

Kwanza tukubaliane kuhusu gari zenyewe. Zitakazokuja zina asili moja: chesesi imetoka Japani, na kilicho juu yake kimetoka kwa fundi wa hapa. Kuna Canter na Isuzu zenye bodi la mbao na mabenchi, kuna kirikuu zilizorefushwa nyuma, kuna vigari viwili vya wazi vilivyochomelewa na vijana. Chesesi ile kiwandani ilipimwa kwa uzito fulani, kimo fulani na breki zinazolingana. Fundi akishaweka bodi jengine, akaongeza majani ya springi na keria juu, ile gari ya kiwandani haipo tena. Ipo gari mpya ambayo hakuna aliyeipima. Atakayeipima ni dereva wake, apende asipende. Tunachokichagua sisi ni mahali pa kuipimia: kwenye madumu matupu, au njiani na watu ishirini nyuma.

Haya, ukaguzi. Unaanza saa 12 na nusu asubuhi, na kila gari itapita mikononi mwa mafundi wawili.

Tairi. Nyingi ya tairi zetu ni za mtumba, na mtumba unadanganya kwa sababu kashata zake, yaani meno ya kukanyagia, huwa bado nzuri. Angalieni ubavuni, baada ya herufi DOT, mtaona tarakimu nne za mwisho. Ikiwa 2319, tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani unakauka na kuwa mgumu. Bonyeza kwa ukucha katikati ya kashata: mpira mzima unaingia kidogo na kurudi, uliokufa haubonyei. Tairi kama hiyo mchana wa jua itakuonesha uso mzuri, na mvua ya kwanza ya vuli itakutupa. Tairi yenye nyufa ubavuni au iliyovimba haitaingia uwanjani, hata mwenyewe akiapa.

Upepo unapimwa tairi ikiwa baridi, maana yake kabla gari haijatembea na kabla jua halijaipiga. Kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo unaongezeka kama psi 2. Baada ya mizunguko mitatu ya kufunga breki mtakuta umepanda psi 4 au zaidi. Msiutoe kienyeji. Mkiutoa kwa joto, jioni mtarudi nyumbani na tairi laini. Andikeni namba ya asubuhi kwa chaki ubavuni. Na vijana wa vigari vya wazi, hili ni lenu: msichukue kipimo cha gari mliyotoa magurudumu. Gari ile ilikuwa na kilo 1,000 na kitu, yenu ina nusu yake. Wenzetu wa gari nyepesi za kilo 550 hivi hutia psi 18 hadi 20. Mkitia 32, tairi inakanyaga kwa katikati tu na gari inarukaruka kwenye kila kijiwe.

Nati za magurudumu zinakazwa kwa kupishana, ukimaliza ya juu unakwenda ya chini, wala hufuati mzunguko. Kwa gari ndogo zenye nati za milimita 12, nguvu ya kukaza inayotakiwa ni kama nyutoni-mita (Nm) 100. Asiye na spana ya kipimo achukue spana yenye mkono wa nusu mita na abonyeze mwishoni kwa uzito wa kilo 20, hapo amefika. Kupanda juu ya spana na kuruka, kama tunavyoona kwenye magereji, kunavuta uzi wa stadi mpaka unakatika siku nyengine, mahali pengine. Canter na Isuzu zina kipimo kikubwa zaidi. Hizo fundi atazikagua moja moja.

Sasa breki, na hapa naomba mafundi wanisikilize zaidi kuliko madereva.

Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kisiwani. Aina ya mafuta hayo iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205. Ikishakunywa maji yake inachemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikishachoka. Gari inayokwenda sokoni na kurudi haifiki huko. Gari inayofunga breki kwa nguvu mara sita mfululizo inafika. Mafuta yakichemka yanafanya mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda mpaka sakafuni. Ikipoa inarudi kama kawaida, na fundi anasema hakuona kitu. Kwa hiyo mwenye mafuta ya zaidi ya miaka miwili, au yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi, abadilishe kesho. Kutoa upepo muanze na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mje karibu. Paipu za chuma ziangalieni pale zinaposhikwa na klipu, kwani chumvi hukaa chini ya klipu na kutu hula kwa ndani. Paipu inayoonekana nzima kote inaweza kuwa imebaki karatasi pale tu.

Kitu kingine kimejificha chini ya gari na wengi wenu hamkijui. Pikapu nyingi na baadhi ya malori madogo yana vali ya breki za nyuma yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu, nyuma inainuka, mkono unashuka, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisifunge. Gari ikipakiwa, nyuma inashuka na breki za nyuma zinapewa nguvu kamili. Sasa fundi akiongeza majani matatu ya springi ili gari isikae chini, nyuma haishuki tena hata ukipakia tani nzima. Vali inaamini gari ni tupu. Dereva anafunga breki akiwa na mzigo, na kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele. Anakwenda kwa fundi kulalamika kuwa pedi za mbele zinakwisha kila mwezi, anauziwa pedi nyengine. Dawa ni kurekebisha mkono wa vali baada ya kuongeza springi. Wapo wanaoufunga kwa waya upande wa nguvu kamili. Hilo ni baya kuliko mwanzo, kwa sababu siku gari iko tupu na njia ina maji, nyuma itafunga kwanza na mkia utapita mbele.

Vigari vya wazi vina maradhi hayo hayo kwa sura nyengine. Breki zilizotoka kwenye gari nzito zikitiwa kwenye gari nyepesi, na uzito wote ukihamia mbele wakati wa kufunga, za nyuma zinabaki na nguvu nyingi na kazi ndogo. Jumapili tutajua ndani ya dakika moja nani yuko hivyo. Msimamizi atasimama ubavuni, mbali, na kuangalia gurudumu gani linaacha kuzunguka mwanzo. Likiwa la nyuma, gari inatoka uwanjani hadi irekebishwe.

Ndani ya gari toeni kila kisichofungwa. Chupa ya maji, jeki, spana, tairi ya akiba isiyo na boliti, mkeka wa miguuni. Chupa ya nusu lita ikibiringika na kukaa chini ya pedeli ya breki, huna breki. Na viatu, jamani. Ndara haziingii, makubadhi hayaingii. Raba yenye soli nyembamba ndiyo inayokupa habari za pedeli. Kanzu ifungwe kiunoni au ivuliwe, na akina mama wenye buibui wavae suruali ndani wapandishe pindo. Kwenye kigari cha wazi ncha za ushungi na kilemba zifichwe shingoni ndani ya nguo.

Tuje uwanjani.

Vituo ni vitatu, na kila kituo kina gari moja tu inayotembea. Hatutumii mawe wala matairi kuwa alama. Tutatumia madumu ya lita 5 yaliyo matupu, na ndani yake mchanga wa viganja viwili ili upepo usiyachukue. Dumu likigongwa linaruka na gari haijui. Mwisho wa kila kituo kuna mita 50 tupu kabla ya ukingo wa lami, na hapo hakai mtu, haliegeshwi pikipiki, hakiwekwi kikapu cha chakula.

Kituo cha kwanza ni kufunga breki. Njia ina upana wa mita 3 na nusu. Dereva anafika kwenye lango la madumu mekundu akiwa na mwendo aliopangiwa, na lango ndilo linalomwamrisha kufunga, si macho yake wala moyo wake. Tutaanza na kilomita 30 kwa saa, kisha 40, na gari ndogo zitakwenda 60. Malori hayapiti 40.

Namba hizi ziandikeni. Lami kavu, tairi nzima, dereva aliye macho anayechukua sekunde moja kuona na kukanyaga. Kwa kilomita 40, gari inakwenda mita 11 kabla mguu haujafanya kazi, kisha mita 9 za kufunga. Jumla 20. Kwa 60, ni mita 17 na mita 20, jumla 37. Kwa 80, ni 22 na 36, jumla 58. Lami ikirowa, mita za kufunga peke yake zinakuwa kama 16, 35 na 63. Mwendo ukizidi mara mbili, mita za kufunga zinazidi mara nne, na hakuna breki ya bei gani itakayobadilisha hesabu hiyo. Tutapima kwa utepe na kumwandikia kila mtu mita zake. Lori ikichukua mita 15 kwenye 40 kavu, ina ugonjwa, na tutautafuta papo hapo.

Namna ya kukanyaga: gari yenye ABS, yaani mtambo unaozuia tairi zisifunge, kama hizi Noah na Probox za watu wengi, kanyaga kwa nguvu zote na ubaki hapo hapo. Pedeli itatetemeka na kutoa mlio. Watu wengi wakisikia mtetemeko huo wanaachia mguu, na hapo ndipo wanapogonga. Gari isiyo na ABS, yaani zetu nyingi, unakanyaga kwa haraka lakini kwa kuongeza, mpaka tairi inakaribia kulia. Ikifunga kabisa, legeza kidogo tu hadi izunguke, kisha ongeza tena. Tairi iliyofunga haifuati usukani. Mtu anazungusha usukani mpaka mwisho, gari inakwenda vile vile moja kwa moja, halafu mguu ukilegea ghafla tairi inashika na gari inaruka kule magurudumu yalikoelekea. Zoezi la pili la kituo hiki ni hilo: funga, kisha kwepa dumu moja katikati ya njia huku ukilegeza breki kiasi cha kupata usukani.

Mahali pa kukaa: mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Mikono iwe saa tatu na saa tisa. Dereva anayeendesha huku amelala nyuma, mkono mmoja juu, hawezi kukanyaga breki kwa nguvu kwa sababu mguu wake umekwisha kunyooka.

Kituo cha pili ni kupita nyoka baina ya madumu saba. Kwa gari ndogo madumu yamepishana kwa mita 15, mwendo 20 kisha 30. Kwa malori ni mita 20, na mwendo hauzidi 25. Macho yawe dumu la pili mbele, kamwe si hili unalolipita. Mengine mtayaona wenyewe.

Kwa nini malori nimeyabana hivi? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye roho za watu.

Gari ikiingia kona, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea ikizidisha mwendo. Ama tairi zinateleza, ama gari inalala ubavu. Ipi inatangulia? Chukua nusu ya upana baina ya magurudumu ya kushoto na kulia, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito, pale uzito wote wa gari unapolingana, kutoka chini. Jibu likizidi mshiko wa tairi, gari inateleza kwanza; likiwa chini yake, inalala kwanza. Kigari cha wazi chenye upana wa mita 1.4 na kitovu kwenye sentimita 45 kinapata 1.56. Tairi ya kawaida kwenye lami kavu inashika kiasi cha 0.7 ya uzito ulio juu yake. Kigari hicho kitateleza, kitalia, kitazunguka, lakini kwenye lami tambarare hakitalala.

Sasa chukua lori ya bodi la mbao. Upana mita 1.6, nusu yake 0.8. Tuseme gari ina kilo 4,000 na kitovu chake kiko mita 1.1. Inapata 0.73. Kwa uzi tu, tairi itateleza kabla gari haijalala. Dereva anapata onyo: tairi inalia, mbele inavuta nje, anapunguza.

Mpandishieni juu ya keria magunia kumi ya karafuu ya kilo 50. Ni kilo 500 kwenye kimo cha mita 2.7. Kitovu kinapanda kutoka mita 1.1 hadi karibu mita 1.28. Gawanya tena: 0.625. Imeshuka chini ya 0.7. Gari sasa inalala kabla ya kuteleza. Tairi hailii, haionyi, na kitu cha kwanza atakachokisikia dereva ni gurudumu la ndani likiacha ardhi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, gari isiyo na mzigo juu inafika ukingo wa kulala kwenye kilomita 43 kwa saa, yenye magunia kwenye 40. Tofauti ya kilomita 3 inaonekana ndogo, na hesabu hii ni ya karatasini, kana kwamba springi ni mawe. Springi zinainama, bodi linaegemea nje, abiria wanaegemea nalo, na ukingo wa kweli uko chini zaidi ya hapo.

Magunia hayo hayo kumi yakilazwa sakafuni, kitovu kinapanda kama sentimita moja tu. Najua sakafuni wanakaa watu na watu wanalipa. Basi mwenye gari achague safari ya magunia au safari ya watu. Vyote viwili kwa pamoja vinapelekea magunia juu, na hesabu mmeisikia. Matingo, nyinyi ndio mnaopakia. Dereva anaweza kuwa hodari na asijue umemwekea nini kichwani.

Kwa hiyo Jumapili lori haifanyi mazoezi ya kuteleza. Inafunga breki, inapita nyoka polepole, inarudi nyuma baina ya madumu, basi. Hakuna abiria, hakuna kitu kwenye keria. Anayetaka kuonesha ushujaa na Canter atafute tamasha jengine.

Kituo cha tatu ni cha maji. Kutakuwa na tangi la lita 2,000, na lami itarowanishwa kwenye duara la mita 30. Gari ndogo tu. Maji matupu, hakuna sabuni wala dizeli. Dizeli inakula lami ya watu, na haiondoki kwenye tairi mpaka umefika nyumbani. Mvua za kwanza zinatutia hasara kwa sababu ya vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami miezi mizima. Baada ya saa moja ya mvua kubwa njia ina afadhali kuliko dakika kumi za manyunyu.

Kwenye duara mtakutana na hali mbili. Gari inakataa kona: unakata usukani, mbele inakwenda moja kwa moja. Kila mtu mwili wake unamwambia akate zaidi. Usikate. Achia mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri tairi ishike. Hali ya pili, mkia unatoka: peleka usukani kule mkia unakokwenda, angalia unakotaka kufika, na usikanyage breki. Ukichelewa kuunyoosha usukani mkia ukirudi, utapita upande wa pili kwa nguvu zaidi, na mara nyingi huo wa pili ndio unaomaliza kazi. Gari ikishakushinda na kuanza kuzunguka, miguu yote miwili chini, klachi na breki, mpaka isimame. Ukifunga breki kabisa gari itateleza kwenye mstari mmoja na watu watajua pa kukimbilia. Ukiachia katikati, tairi zitashika na hakuna atakayejua inakwenda wapi.

Bendera ni mbili. Ya kijani, nenda. Nyekundu, simama hapo ulipo, usimalizie mzunguko. Wasimamizi wanasimama upande wa kuanzia kona, nyuma ya gari, kamwe si nje ya kona. Watatazama gari muda wote; simu zibaki mfukoni. Kila kituo kina mtungi wa unga wa kilo 6 wa kuzimia moto. Ndoo za maji ni za kunawia, mtu asiyamwage juu ya petroli inayowaka, kwani petroli inaelea na moto utasambaa. Pikapu moja itakaa getini ikiwa tupu, funguo ndani, imeelekezwa hospitali. Hiyo haifanyi mazoezi.

Tunaanza kuendesha saa 2 asubuhi, tunapumzika saa 5 na nusu, jua limeshakuwa kali na mafuta ya breki yamechoka pamoja na madereva. Sala ya adhuhuri, chakula, kisha tunarudi saa 8 hadi alasiri.

Baada ya kituo cha breki zungukeni uwanja mara moja polepole bila ya kufunga, breki zipate hewa. Mkisimama, msivute hendibreki ikiwa breki za nyuma zina moto, tieni gia na kabari ya mbao chini ya gurudumu. Pedi iliyobanwa kwenye diski ya moto inaacha alama, na siku ya pili gari inatetemeka ukifunga breki. Kabla ya kuondoka kila mmoja akaze nati upya na apime upepo tairi ikishapoa, alinganishe na chaki ya asubuhi. Iliyopungua psi 3 ina tundu, isiende Konde hivyo.

Mafundi wawili wa mlangoni wana neno la mwisho kuhusu gari kuingia au kutoingia. Hakuna kumpigia simu Sheha, na mwenyewe yuko hapa ananisikia. Geti linafungwa saa 1 na nusu. Mwenye suala aulize sasa, na mwenye mafuta ya breki meusi asingoje masuala ya wenzake. Duka la spea linafungwa saa 3 usiku.